1962, 1988 au 2021: ukitaka kuielewa Myanmar, uanze na mapinduzi yapi?

Februari 2025, kundi la Wakaren wenye silaha liitwalo DKBA liliwavusha mpaka watu wapatao 260 na kuwakabidhi kwa jeshi la Thailand. Walikuwa wametolewa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni upande wa Myanmar. Wengi wao walikuwa Waethiopia, na miongoni mwao walikuwamo pia Wakenya, Waganda, Watanzania na Warundi, vijana ambao mawakala huwaahidi kazi nzuri Thailand na badala yake huwapeleka ng'ambo ya mto. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, jina la Myanmar lilianza kuwa na maana siku habari za namna hiyo zilipofika nyumbani. Kabla ya hapo lilikuwa jina la zamani, Burma, la vita vya mababu: mwaka 1944 askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw, katikati ya mvua na malaria, wakasonga hadi Kalewa.

Anayetaka kuielewa nchi hiyo leo hukutana na mapinduzi matatu ya kijeshi: Machi 1962, Septemba 1988 na Februari 2021. Kila moja lina vitabu, makala na mashujaa wake, na hakuna mwenye muda wa kusoma yote kwa mkupuo mmoja. Wengi huanza na 2021 kwa kuwa lina video na liko kwenye habari. Wengine, hasa wanafunzi wa historia, huanza na 1962 kwa kuwa ndilo la kwanza. La 1988 hukumbukwa kwa maandamano na kwa jina la Aung San Suu Kyi, kiongozi wa upinzani, kisha likarukwa.

Nadhani kuliruka ni kosa. Kwa msomaji wa kawaida, kwa mwandishi wa habari, na kwa yeyote anayejiuliza ilikuwaje kijana wa Kampala akafungiwa kwenye jengo lililo mikononi mwa wanamgambo, 1988 ndipo pa kuanzia. Wapo wasiopaswa kunifuata, nao nitawataja mwishoni.

Nani alipinduliwa

Tarehe 2 Machi 1962 Jenerali Ne Win alimwondoa Waziri Mkuu U Nu, aliyekuwa ameshinda uchaguzi wa 1960. Siku hizo viongozi wa Washan na wa jamii nyingine walikuwa Rangoon, mji mkuu wa wakati huo, wakijadiliana na serikali kuhusu shirikisho litakaloyapa majimbo yao mamlaka zaidi. Ne Win alidai nchi inakaribia kuvunjika. Mapinduzi yenyewe hayakumwaga damu nyingi, lakini aliyekufa usiku ule alikuwa kijana wa miaka 17, mtoto wa Sao Shwe Thaik, Mshan aliyekuwa rais wa kwanza wa Burma huru. Baba alikamatwa, akafia kizuizini Novemba mwaka huohuo. Katikati yake, tarehe 7 Julai, askari waliwapiga risasi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rangoon, na kesho yake wakalilipua jengo la umoja wao.

Tarehe 1 Februari 2021 Jenerali Min Aung Hlaing alifanya jambo linalofanana na hilo kwa umbo. Wabunge walikuwa wamekusanyika Naypyidaw, mji mkuu, tayari kuapishwa. Chama cha Suu Kyi, NLD, kilikuwa kimejinyakulia viti 396 kati ya 476 katika uchaguzi wa Novemba 2020, na chama cha wanajeshi, USDP, kilipata 33. Jeshi likadai wizi wa kura, likamkamata Rais Win Myint na Suu Kyi kabla jua halijachomoza.

Hivyo 1962 na 2021 yanafanana: serikali iliyochaguliwa ikaondolewa na jeshi. Septemba 1988 ni kitu kingine kabisa, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuanza nayo. Wakati huo hapakuwa na serikali iliyochaguliwa ya kupinduliwa. Kilichokuwapo ni chama kimoja cha Ne Win, BSPP, kilichokuwa kimeshika nchi kwa miaka 26 na sasa kikiyumba. Maandamano yalianzia kwa wanafunzi Machi. Ne Win akajiuzulu uongozi wa chama Julai. Tarehe 8 Agosti nchi nzima ikagoma, na askari wakaanza kuua barabarani. Aliyeshika urais Agosti alikuwa mwanasheria asiye mwanajeshi, Dk. Maung Maung. Tarehe 18 Septemba Jenerali Saw Maung akatangaza baraza jipya, SLORC, na mauaji yakazidi. Makadirio yanayotajwa zaidi ni watu 3,000 waliouawa mwaka huo.

Yaani jeshi liliipindua serikali yake lenyewe. Liliivua nguo ya chama na itikadi iliyokuwa imechakaa, likabaki jeshi tupu, lisilo na fikra ya kuwapa watu isipokuwa amri. Kuanzia hapo likalazimika kujijengea upya kila kitu: fedha zake, washirika wake mipakani, chama chake na katiba yake. Vitu hivyo vinne ndivyo vinavyoitawala Myanmar ya leo.

Fedha

Utawala wa Ne Win unaeleweka vizuri zaidi ukiutazama kupitia mfuko wa mwananchi. Burma kabla ya Vita vya Pili ilikuwa ikiuza mchele nje kuliko nchi yoyote duniani. Kati ya 1963 na 1964 serikali ilitaifisha benki, viwanda, biashara ya jumla na hata maduka, na watu wapatao 300,000 wa asili ya Kihindi wakaondoka nchini, wengi wakiacha mali zao. Kisha zikaja noti. Mwaka 1964 noti za kyat 50 na 100 zilifutwa. Mwaka 1985 zikafutwa nyingine. Tarehe 5 Septemba 1987 zikafutwa za 25, 35 na 75, safari hii bila fidia hata kidogo, na badala yake zikatolewa noti za 45 na 90, namba zinazogawanyika kwa tisa, tarakimu ambayo Ne Win aliiamini kuwa ya bahati. Mkulima aliyeuza mpunga wake na kuweka akiba ndani alibaki na karatasi. Mwanafunzi aliyekuwa na karo mfukoni alibaki hana karo. Desemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliiweka Burma kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni kabisa. Miezi mitatu baadaye wanafunzi walikuwa barabarani, na anayejua habari ya noti hizo hashangai.

Majenerali wa 1988 walijifunza kutokana na hilo, lakini walijifunza somo lao wenyewe. Ne Win aliifunga nchi, wao wakaiuza. Mbao, vito na haki za uvuvi zilikwenda kwa majirani ili kupata fedha za haraka. Mwaka 1990 wakaanzisha kampuni kubwa ya wanajeshi, UMEHL, na 1997 nyingine, MEC, zikaingia kwenye benki, bia, sigara, madini na bandari. Gesi ya Yadana ikaanza kupelekwa Thailand kwa bomba lililojengwa kwa ushirika na kampuni za Total na Unocal. Wanavijiji waliosema walilazimishwa kufanya kazi na askari waliolilinda bomba hilo walifungua kesi dhidi ya Unocal kwenye mahakama za Marekani, na kampuni ikakubali kumalizana nao kwa malipo mwaka 2005.

Hapa ndipo 2021 linapopata maana. Swali ambalo kila mtu aliuliza, kwamba jeshi linawezaje kuchukiwa na nchi nzima na bado likalipa mishahara na kununua ndege za kivita, jibu lake liko kwenye miaka ya tisini. Jeshi la Ne Win lilikula kutoka bajeti ya taifa. Jeshi lililojengwa baada ya 1988 lina shamba lake. Total ilitangaza kujiondoa Januari 2022, lakini bomba halikusimama.

Mipakani

Sehemu hii ndiyo inayotugusa sisi moja kwa moja, na ndiyo inayorukwa zaidi na wanaoanza na 2021.

Chini ya Ne Win vita vya mipakani vilikuwa vya moja kwa moja. Wakaren walikuwa wameshika silaha tangu 1949, Wakachin tangu 1961, na Chama cha Kikomunisti kilikuwa na jeshi lake kandokando ya China. Mkakati wa serikali uliitwa mikato minne: kuwakatia waasi chakula, fedha, habari na vijana wa kujiunga nao. Kwa vitendo ulimaanisha kuchoma vijiji na kuwahamisha watu kwa nguvu. Mkakati huo haukuachwa hadi leo.

Baada ya 1988 kikaongezeka kitu kipya. Machi na Aprili 1989 wapiganaji wa Chama cha Kikomunisti waliwaasi viongozi wao na chama kikasambaratika vipande vipande kufuata jamii. Khin Nyunt, mkuu wa ujasusi, aliharakisha kwenda kwao na mapatano: bakini na silaha zenu na maeneo yenu, fanyeni biashara mnayotaka, ila msitupige. Wakokang wakakubali, na Wawa, ambao jeshi lao sasa ndilo kubwa kuliko kundi lolote lenye silaha nchini. Wakachin wakafuata mwaka 1994. Hapakuwa na mkataba wa kisiasa wowote. Suala la shirikisho, lililokuwa kisingizio cha 1962, liliwekwa kando, na badala yake wakuu wa wanamgambo wakapewa ruhusa ya kutajirika.

Desemba 1994 Wakaren wenyewe wakagawanyika. Askari Wabudha wa ngazi za chini walilalamika kwamba uongozi wa KNU, chama kilichoongoza uasi wa Wakaren, wengi wao Wakristo, unawadharau, wakajitenga na kuunda DKBA kwa kuungwa mkono na jeshi. Mwezi uliofuata makao makuu ya KNU huko Manerplaw yakaanguka. Mwaka 2010 jeshi likaligeuza sehemu kubwa ya DKBA kuwa Kikosi cha Ulinzi wa Mpaka, kikiwa na sare na mishahara ya serikali, huku wachache wakikataa na kubaki na jina lao. Katika maeneo ya wanamgambo hao wa pande zote mbili ndiko makambi ya utapeli kama Shwe Kokko na KK Park yalikochipua karibu na Myawaddy.

Anayeanza na 2021 atasema makambi haya yamezaliwa na vurugu za mapinduzi. Vurugu ziliyanenepesha, ni kweli. Lakini mfumo wa kumpa kamanda wa mpakani ardhi, bunduki na uhuru wa kufanya biashara yoyote ulikuwa umefikisha miaka 30. Nalisisitiza hili kwa sababu kila kijana wetu anaporudishwa nyumbani, maelezo yanayotolewa huishia kwa wakala aliyemdanganya uwanja wa ndege. Wakala ni kiungo cha mwisho tu cha mnyororo mrefu.

Kokang inaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa China. Mwaka 2009 Min Aung Hlaing, akiwa bado kamanda wa eneo hilo, aliongoza operesheni iliyomfukuza kiongozi wa Wakokang, Peng Jiasheng, aliyekataa kugeuza wapiganaji wake kuwa kikosi cha mpaka. Wapinzani wa Peng wakakabidhiwa mji wa Laukkai, ukawa ngome ya kamari na utapeli. Tarehe 27 Oktoba 2023 jeshi la Wakokang, MNDAA, pamoja na washirika wake wa Kita'ang na Arakan walianzisha Operesheni 1027, na Januari 2024 Laukkai ikarudi mikononi mwa MNDAA. Kipigo kikubwa alichopata Min Aung Hlaing kilitoka kwa watu aliowafukuza mwenyewe miaka 14 kabla.

Sheria na chama

Ne Win alitawala kwa Baraza la Mapinduzi hadi 1974, kisha akaleta katiba ya chama kimoja. Katiba hiyo ilikufa mwaka 1988 na haina mrithi. Unaweza kuisoma kwa haraka.

Katiba ya 2008 haipitiki kwa haraka. Iliandikwa na watu wa Than Shwe, aliyekuwa mkuu wa nchi tangu 1992, na kura ya maoni ilifanyika tarehe 10 Mei 2008, siku chache baada ya kimbunga Nargis kuwaangamiza watu wapatao 138,000 kwenye delta ya Irrawaddy. Sehemu zilizoathirika zaidi ziliahirishiwa hadi tarehe 24 tu. Miili ilikuwa bado inaelea majini, misaada ya nje ikizuiwa, na serikali ikatangaza kwamba zaidi ya asilimia 92 wameikubali katiba. Bado naona vigumu kusoma takwimu hiyo bila hasira.

Ndani yake robo ya viti vya bunge ni vya wanajeshi, na marekebisho ya vifungu muhimu yanahitaji zaidi ya asilimia 75 ya wabunge, yaani hayawezekani bila ridhaa ya jeshi. Mawaziri wa ulinzi, mambo ya ndani na mipaka huteuliwa na mkuu wa majeshi. Mwenye mume, mke au watoto wa uraia wa kigeni haruhusiwi kuwa rais, na Suu Kyi alikuwa na wana wawili Waingereza. Tena kuna vifungu vya hali ya hatari vinavyomruhusu rais kumkabidhi mkuu wa majeshi nchi nzima.

Asubuhi ya 1 Februari 2021 ilifuata maandishi hayo hatua kwa hatua. Rais akiwa kizuizini, Makamu wa Rais Myint Swe, jenerali mstaafu aliyependekezwa na wabunge wa jeshi, akajiita kaimu rais, akatangaza hali ya hatari na kumkabidhi Min Aung Hlaing madaraka. Sheria ya kuwalazimisha vijana kujiunga na jeshi, iliyoanza kutekelezwa Februari 2024 na kuwafanya maelfu wakimbilie Thailand, ilikuwa imetungwa 2010. USDP, chama cha wanajeshi kwenye uchaguzi ulioanza 28 Desemba 2025 huku NLD ikiwa imefutwa, kilitokana na jumuiya iliyoanzishwa 1993. Karibu kila chombo alichokishika Min Aung Hlaing alikikuta kimeshanolewa.

Raia

Upande huu 2021 linashinda, tena kwa mbali. Mwaka 1988 watu walikuwa na redio na karatasi za kupigwa chapa usiku. Walishinda hata uchaguzi wa Mei 1990, NLD ikipata viti 392 kati ya 485, lakini jeshi likakataa kukabidhi nchi na dunia ikaendelea na shughuli zake. Septemba 2007 watawa wa Kibudha waliingia barabarani baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla, nao wakapigwa.

Kizazi cha 2021 kilikuwa kimekua na simu mkononi na kimeonja miaka kumi ya uhuru kiasi. Madaktari na walimu waligoma kwa maelfu. Kila usiku watu waligonga sufuria madirishani, desturi ya kufukuza pepo wabaya. Jeshi lilipoanza kulenga vichwa, na tarehe 27 Machi 2021 peke yake likaua zaidi ya watu 100, vijana wa mijini walikwenda kwa Wakaren, Wakachin na Wakarenni kujifunza kupigana. Wanafunzi wa 1988 nao walikimbilia huko, lakini wengi wao walibaki wageni. Safari hii Serikali ya Umoja wa Kitaifa, NUG, iliahidi shirikisho, na Juni 2021 ikatamka kwamba itaifuta sheria ya uraia ya 1982 na kuwatambua Warohingya, Waislamu wa magharibi mwa nchi. Kauli hiyo isingewezekana miaka minne kabla, pale Warohingya zaidi ya 700,000 walipofukuzwa kwenda Bangladesh na Wabama wengi, jamii kubwa kuliko zote nchini, wakanyamaza, na Suu Kyi mwenyewe akaenda The Hague Desemba 2019 kuitetea nchi dhidi ya kesi iliyofunguliwa na Gambia.

Gharama imekuwa kubwa: raia zaidi ya 6,000 wameuawa na jeshi, na zaidi ya milioni tatu wamehama makwao ndani ya nchi.

Sasa uchague

Ukiwa mwanaharakati, au unafundisha vijana namna raia wanavyopinga dola, anza na 2021. Mifano yake ni hai na watu wake bado wanasema kwa sauti zao. Ila usiishie kwenye maandamano ya Februari. Fika hadi Operesheni 1027, la sivyo utadhani kushindwa barabarani ndiko kulikuwa mwisho.

Ukitaka kuelewa mkasa wa Warohingya, nenda kwa Ne Win. Sheria ya 1982 iliyowanyima uraia ni yake, na fikra ya taifa lenye "jamii za asili" zinazotambuliwa na wengine wasiotambuliwa ilikomaa wakati wake. Hapo 1988 halitakusaidia sana. Vivyo hivyo kwa anayesoma uchumi wa nchi zilizojifungia: noti za 1987 zinatosha kuwa somo zima.

Wengine wote, na hasa waandishi wa habari wa kwetu, waanze Septemba 1988. Msisome miaka 23 ya SLORC na Than Shwe kama orodha ya matukio. Shikeni mambo manne niliyoyataja, yaani kampuni, mapatano ya mipakani, chama na katiba, myafuate moja moja hadi 2021, ndipo mrudi 1962. Mkifika kwa Ne Win mkiwa mmeshajua kilichokuja baadaye, mtaona wazi nini alikianzisha yeye na nini kiliongezwa na waliomfuata.

Na kwa yeyote atakayeandika kuhusu makambi ya Myawaddy mara nyingine Waafrika Mashariki watakapovushwa mto, makala yake ianzie Manerplaw, Desemba 1994.